Kigoda, Katiba na Desturi

Mwarabu wa Cairo akitaka kuitaja katiba husema dustur. Chama kilichoundwa Tunisia mwaka 1920 kudai katiba mbele ya Wafaransa kilijiita Destour. Neno hilohilo, lenye asili ya Kiajemi, lilifika pwani yetu pia, nasi tukalipokea na kulipa kazi nyingine kabisa. Likawa desturi, yaani yale ambayo watu huyatenda bila kuandikiwa wala kusimamiwa. Kwa ile hati yenyewe tukachukua neno jingine la Kiarabu, katiba, lenye mzizi wa kuandika, ndugu wa kitabu, katibu, maktaba na mkataba.

Tukabaki na jozi ambayo mpaka leo hatujaitumia ipasavyo: neno moja la kilichoandikwa na neno jingine la kinachotendwa. Wanazuoni wa sheria ya katiba wa Afrika Mashariki wametumia zaidi ya nusu karne kupima umbali uliopo kati ya hayo mawili, na wengi wao wamefanya kazi hiyo kwa Kiingereza, lugha ambayo haikujaliwa jozi hii.

Nitamfuata mmoja wao, Profesa Issa Shivji, aliyezaliwa Kilosa mwaka 1946 na kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam tangu mwaka 1970 hadi 2006. Sitasimulia maisha yake; mlindalugha mwenzangu anayajua au anajua pa kuyapata. Ninachotaka ni kuyaokota maneno aliyopita nayo njiani, kuyageuza upande huu na huu, na kusema wazi lipi linafaa na lipi limechoka.

Tumwite nani mtu wa namna yake? Mwanasheria ni jina pana mno: ndani yake yumo wakili wa talaka, mshauri wa benki na mwalimu wa chuo. Msomi limeharibika kidogo. Mahakamani mawakili huitana "wakili msomi" kwa heshima, lakini mtaani neno hilo limeshakuwa la utani, na hata lisipokuwa la utani linasikika kama habari ya mtu aliyesoma akamaliza. Mimi nachagua mwanazuoni. Chuo katika Kiswahili cha zamani ni kitabu, na zuo ndio wingi wake katika lahaja za kaskazini. Kwa hiyo mwanazuoni ni mwana wa vitabuni, na mwana hahitimu kuwa mwana wa nyumba yake. Najua jina hili limezoeleka kwa mashekhe wa fikihi. Sioni ubaya. Anayesoma fikihi na anayesoma sheria ya katiba wana kazi inayofanana, kuyasoma maandiko machache kwa umakini mwingi na kuuliza kila mara yanamfunga nani.

Mhadhiri nalo ni neno zuri kuliko wanavyodhani wanaolitumia. Limetoka kwenye hadhara. Mhadhiri hasomi tu, husimama mbele ya watu akaulizwa. Mwaka 1970 maandishi ya Shivji juu ya mapambano ya kitabaka yasiyopigiwa kelele yalichapishwa katika Cheche, jarida la wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kabla mwaka haujaisha jarida likapigwa marufuku. Wanafunzi wakaanzisha jingine, MajiMaji. Majina yote mawili ni ya Kiswahili, ijapokuwa kurasa za ndani zilikuwa za Kiingereza. Ndivyo tulivyo: lugha yetu tunaipa jalada, tumbo tunampa mgeni.

Shahada ya uzamivu aliichukua hapohapo Dar es Salaam mwaka 1982, kwa utafiti juu ya kazi ya ujira na sheria zake. Uzamivu ni moja ya istilahi zilizofaulu. Wazungu wanataja udaktari na falsafa, sisi tunataja kuzama. Ila tahadhari, uzamivu si uzamiaji. Mzamiaji, kwa vijana wa bandarini, ni yule anayejificha melini akaibukia Ulaya bila pasipoti.

Kitivo. Hili nalisikitikia. Kabla ya kupelekwa chuo kikuu, kitivo kilikuwa ardhi yenye rutuba, mahali ambapo mbegu haihitaji kubembelezwa. Kitivo cha Sheria ndicho kilichokuwa cha kwanza, tangu Oktoba 1961, chuo kilipoanza na wanafunzi 14 katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba. Siku hizi kinaitwa Shule Kuu ya Sheria. Jina jipya lina ukubwa, la zamani lilikuwa na udongo, na mimi ningelirudisha.

Kisha kigoda. Mwaka 2008 chuo kilianzisha nafasi ya uprofesa ya kumuenzi Mwalimu Nyerere katika taaluma za umajumui wa Afrika, na Shivji akawa wa kwanza kuishika, hadi 2013. Kwa Kiingereza nafasi ya namna hiyo huitwa kiti. Mtafsiri mvivu angeandika kiti, na mtafsiri mwenye majivuno angeandika kiti cha enzi. Wao wakaandika Kigoda cha Mwalimu Nyerere. Kigoda ni kiti kifupi, cha mbao, cha jikoni au cha barazani. Anayekikalia magoti yake hupanda juu na macho yake huwa sawa na ya mtoto. Hakuna namna ya kukalia kigoda na bado ukamdharau aliyekaa mkekani. Ukitaka kujua uzito wa uchaguzi huo, kilinganishe na mwenyekiti, mtu tuliyempa jina la kummilikisha kiti chenyewe. Hii ndiyo istilahi bora zaidi niliyoiona ikitoka chuo kikuu katika miaka yangu ya kusoma, na umajumui iliyoandamana nayo haiko mbali nyuma yake.

Sasa tuingie ndani ya somo lenyewe, maana huko ndiko maneno yalikokwama.

Anza na mamlaka. Kwa Mwarabu mamlaka ni ufalme, na Saudia hujiita hivyo katika jina lake rasmi. Mzizi wake ndio uliotuzalia milki, miliki na mmiliki. Kiswahili kimelifinya neno hilo likawa nguvu ya kuamuru, halafu likawa hata jina la ofisi: Mamlaka ya Mapato, Mamlaka ya Bandari, Mamlaka ya Maji. Lakini harufu ya umiliki haijatoka. Ofisa akisema "nina mamlaka" sauti yake huwa kama ya mtu anayetaja shamba lake.

Madaraka ni kinyume chake, na ndiyo sababu nalipenda. Kamusi za zamani zinalieleza daraka kuwa jukumu, wajibu, jambo ambalo mtu amejitwika au ametwishwa. Katika mzizi wake mna kufika na kuwahi, ndiyo maana jamaa yake ni kudiriki. Mwenye daraka ni mwenye deni la kazi. Kenya ilipopata serikali yake ya ndani tarehe 1 Juni 1963 siku hiyo iliitwa Madaraka, na Tanzania ilipopeleka shughuli za serikali mikoani mwaka 1972 mpango huo uliitwa Madaraka Mikoani. Mwenye kusikia neno kwa maana yake ya kwanza angeelewa kwamba wananchi wamekabidhiwa mzigo na sharti la kuutolea hesabu. Leo mtu mwenye madaraka ni mtu mwenye gari lenye bendera. Deni limegeuka cheo.

Nadhani kazi yote ya mwanazuoni wa sheria hizi inaweza kuelezwa kwa maneno hayo mawili: ni kuirudisha mamlaka kuwa daraka.

Ndiyo maana siridhiki na jina "sheria ya utawala". Kutawala ni kuwa juu ya wengine. Utawala wa Mjerumani, utawala wa Sultani, utawala wa chama kimoja. Hapohapo shuleni kuna jengo la utawala ambako hulipiwa ada. Neno moja limebebeshwa ufalme na ukarani. Anayeanza mwaka wa kwanza akisikia "sheria ya utawala" hudhani ni sheria ya kutawalia watu, kumbe ni sheria ya kuwabana wanaotawala. Tena geuza maneno upate "utawala wa sheria", msemo mwingine kabisa, ambamo sheria yenyewe ndiyo bwana. Mwalimu anapoyasema yote mawili katika pumzi moja, nusu ya darasa huandika moja na nusu huandika jingine.

Ningependekeza "sheria ya madaraka". Najua pingamizi: si katiba nayo inagawa madaraka? Naam, katiba hugawa. Sheria hii huja baadaye kudai hesabu kwa waliogawiwa, kuanzia waziri hadi mtendaji wa kijiji anayekataa kugonga muhuri. Na kile kitendo cha ofisa kinachomgusa raia, ambacho Ibara ya 47 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inataka kiwe cha haraka, halali, cha busara na chenye kufuata utaratibu wa haki, kingeitwa "tendo la madaraka". Jaribu kusema: "Tendo hili la madaraka halina sababu za maandishi." Linasemeka. Hata mtendaji mwenyewe ataelewa ameshtakiwa kwa lipi.

Mgawanyo wa madaraka, kwa Bunge, Serikali na Mahakama, ni msemo uliokubalika, lakini kitenzi chake kinanikera. Kugawanya ni kazi ya nyama na mirathi: kila mmoja anaondoka na fungu lake na mwenye nguvu anaondoka na paja. Kinachotakiwa hapa ni kutenganisha, mmoja asiingize mkono kwenye chungu cha mwenzake. "Utengano wa madaraka" ungesema hivyo. Ibara ya 4 ya Katiba ya Tanzania ya 1977 inavipanga vyombo na kazi zake bila kuhitaji msemo huo hata kidogo, na huenda hiyo ndiyo njia salama zaidi.

Serikali na dola nazo huchanganywa kila siku. Serikali imetoka Uajemini kupitia Bara Hindi, na ndani yake mna kichwa na kazi: mkuu wa shughuli. Hubadilika kila uchaguzi. Dola ni ile mashine inayobaki. Cha ajabu ni kwamba kwa Mtanzania wa kawaida "vyombo vya dola" ni polisi, magereza na usalama tu. Hakimu hamo, daktari wa wilaya hamo. Watu wameitafsiri dola kwa sehemu yake waliyoigusa. Siwasahihishi.

Hiari. Sheria zetu nyingi humwachia waziri aamue kama atakavyoona inafaa, na wafasiri huliita jambo hilo hiari ya waziri. Hiari yashinda utumwa, tunasema, na hiari ya methali hiyo ni ya mtu huru anayejiamulia mambo yake. Waziri hajiamulii mambo yake. Mahakama zimerudia kusema kwamba hakuna uamuzi wa ofisa usio na mipaka: lazima ufuate lengo la sheria, uzingatie yanayohusika na kuyaacha yasiyohusika. Neno linalobeba hayo tunalo, nalo ni busara, ambalo mzizi wake ni kuona. Andika "busara ya waziri" na mara moja unaweza kumuuliza ameona nini. Hiari haiulizwi.

Sheria na kanuni zina kisa chao. Sheria ilianza kama njia ya dini. Kanuni ilitoka kwa Wagiriki ikiwa ufito wa kupimia, ikapita Uarabuni, na huko ikawa sheria ya mtawala, tofauti na ile ya Mungu. Kwetu zikapangiwa ngazi nyingine: sheria ni ya Bunge, kanuni ni ya waziri, chini kabisa kuna sheria ndogo za halmashauri. Na juu ya zote, kwa lugha ya watu, kuna "sheria mama". Wanasheria wengine hulipuuza jina hili kwa kuwa lina harufu ya jukwaa la siasa. Wanakosea. Sheria kuu inatuambia ukubwa tu. Sheria mama inatuambia nasaba, kwamba nyingine zimezaliwa nayo na hazina uhai nje yake. Kanuni ya waziri inayopingana na katiba ni mjukuu anayemkana bibi yake, na kila mtu kijijini anajua hukumu ya huyo.

Ibara ni ya katiba, kifungu ni cha sheria ya kawaida. Utaratibu huu wa Tanzania ni mzuri na ungefaa ushikwe kila mahali, maana msikilizaji akisikia tu "ibara" anajua ameingia nyumba gani.

Haki ni neno ambalo wageni hutulaumu kwalo. Wanasema tumelipa kazi mbili, ile ninayoidai na ile inayotendwa mahakamani. Mimi sioni umaskini hapo. Kiarabu cha asili kina ukweli ndani yake, ndiyo maana tuna hakika, na mahali ambapo ninachodai na kinachotendwa ni kitu kimoja ndipo mahakama imefaulu. Kinachonisumbua ni kitenzi tunachokiambatanisha. Ibara ya 107A inataja "utoaji haki", na magazeti huandika kila siku kwamba mahakama imetoa haki. Kutoa ni kwa sadaka. Haki hutendwa.

Hapa kuna fundo jingine. Mahakama iliyoko Arusha inaitwa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Muulize yeyote anayepita getini: je, binadamu si watu? Mkataba wa haki hizo wa mwaka 1981 ulikusudia haki za mtu mmojammoja na haki za jamii nzima kama jamii, tofauti ambayo Shivji aliishikia bango katika kitabu chake cha mwaka 1989 juu ya dhana ya haki za binadamu Afrika, akitaka haki ya umma kujiamulia mambo yake na haki ya wanyonge kujiunga pamoja zikae mbele. Tafsiri tuliyo nayo imeufuta ubishi wote huo kwa neno "watu". Ningeandika "haki za mtu na za umma". Umma si rundo la watu. Ni watu wanaojijua kuwa wamoja.

Sasa ardhi, na neno ambalo naliona baya kuliko yote. Kati ya 1991 na 1992 Shivji aliongoza Tume ya Rais ya kuchunguza masuala ya ardhi, na mojawapo ya mapendekezo yake makubwa lilikuwa kuutoa mikononi mwa Rais ule umiliki wa mwisho wa ardhi, ambao wanasheria wa Kiingereza huupa jina la mzizi. Mimi ningeuita milki ya shina. Serikali haikukubali. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ikasema ardhi yote ni ya umma na Rais ni mdhamini wake. Lakini mdhamini ni nani kwa Kiswahili? Ni anayekuwekea dhamana polisi. Ni kampuni ya bia inayoandika jina lake kwenye jezi. Wote hao wametoa chao; sisi tuliodhaminiwa ndio wenye deni. Sheria inasema kinyume: mali ni yetu, mwenye deni ni yeye. Neno lake lipo tangu zamani, ni amana, lenye mzizi mmoja na imani na uaminifu. Aliyewekewa amana hula nyama ya mbuzi wake mwenyewe, si ya mbuzi aliyeachiwa. Rais basi awe "mshika amana" wa ardhi, na mwanakijiji akisikia hivyo atajua hasa anachoweza kukidai.

Mapitio ya mahakama ni jina tulilolipa kazi ya Mahakama Kuu ya kuukagua uamuzi wa ofisa. Kupitia ni kupita juujuu, kama mtu apitiaye gazeti kituoni akisubiri basi. Tena mapitio hayohayo hutumika pale mahakama ya juu inapoita jalada la mahakama ya chini. Napendekeza "uhakiki wa mahakama". Kuhakiki ni kukirudisha kitu kwenye haki yake, kukijua ukweli wake. Wenzetu wa fasihi wamelishika neno kwa miaka mingi, nao hawatapungukiwa wakituazima: mhakiki wa riwaya haiandiki upya riwaya, na jaji anayehakiki haamui upya suala la ofisa, anaangalia tu kama limeamuliwa kwa njia halali. Ukitaka liamuliwe upya, hiyo ni rufani, na rufani ni kulipandisha jambo juu.

Kuna sehemu ambayo haihitaji pendekezo langu. Mapokeo ya Kiingereza yana kanuni mbili za haki asilia: mtu asiwe hakimu katika shauri lake, na asihukumiwe kabla hajasikilizwa. Ya kwanza tunayo katika mwamba ngoma huvutia kwake. Ya pili imo ndani ya Ibara ya 13 ya Katiba ya Tanzania, inayotaka mtu asikilizwe kwa ukamilifu. Tazama kitenzi hicho. Kusikia hufanywa na sikio. Kusikiliza hufanywa na mtu. Ofisa anaweza kukusikia huku anajaza fomu. Waandishi wa ibara hiyo walichagua kitenzi sahihi na kukiongezea ukamilifu, nami sina la kuongeza.

Rafiki wa mahakama, yule mtaalamu anayekaribishwa kuieleza mahakama sheria bila kuwa upande wowote, amefasiriwa neno kwa neno na ameumia. Kwenye korido za mahakama zetu, rafiki wa hakimu ni mtu wa kuogopwa. Mwaka 2010, katika kesi ya mgombea binafsi, yaani asiye na chama, iliyofunguliwa na Mchungaji Christopher Mtikila, Mahakama ya Rufani ya Tanzania iliwakaribisha wanazuoni wa sheria ya katiba, miongoni mwao Profesa Jwani Mwaikusa na Profesa Palamagamba Kabudi. Walichokitoa kilikuwa nasaha, ushauri usio na maslahi. "Mnasihi wa mahakama" lingewafaa. Na kwa kuwa nimeitaja kesi hiyo: Wakenya husema mgombea huru, sisi tunasema mgombea binafsi. Binafsi lina ubinafsi mlangoni. Huru ni bora, na laiti tungelichukua mapema pengine hoja yenyewe isingesikika kama ya mtu anayejitafutia.

Kura ya maoni nayo irekebishwe. Maoni ni maoni, hayaamui. Tanzania mambo ni mabaya zaidi kwa sababu kura za maoni ni pia zile za ndani ya chama za kupata wagombea. Wakenya walipoikataa rasimu ya katiba mwaka 2005 na kuikubali nyingine mwaka 2010 hawakuwa wakitoa maoni. Waliamua. Iitwe kura ya uamuzi.

Turudi kwenye umbali ule wa kilichoandikwa na kinachotendwa. Mwaka 1991 kilitoka Harare kitabu kilichohaririwa na Shivji juu ya dola na katiba, na ndani yake Profesa Okoth-Ogendo wa Kenya aliandika hoja ambayo imetajwa na kila aliyemfuata: kwamba nchi za Afrika zinazishika sana katiba na hazishiki kabisa kile ambacho katiba hudai. Kile cha pili tukiiteje? Wafasiri wamejaribu ukatiba, neno lisilo na mwili. Wamejaribu utawala wa kikatiba, na ule utawala umeingia tena bila kualikwa. Mimi nasema tulikuwa nalo tangu mwanzo. Ni desturi ya katiba. Rais anayeondoka muda wake ukiisha bila mtu kumkumbusha ibara, polisi anayeomba hati ya upekuzi kwa kuwa ndivyo ifanywavyo, spika anayemwachia mpinzani amalize hoja yake: hawa hawafungui kitabu. Wana desturi. Hoja ya Okoth-Ogendo kwa Kiswahili ingekuwa fupi kuliko asili yake: tuna katiba, hatuna desturi yake.

Atakayepinga atasema desturi ni mambo ya ngoma na mahari, hayafai kukaa na katiba. Lakini kipi kimekuwa na nguvu zaidi kwetu, mahari au Ibara ya 13?

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama. Maana yake ni kwamba mamia ya sheria yanahitaji Kiswahili chake, na kila neno litakalowekwa sasa litanukuliwa na majaji wasiozaliwa bado. Wanaofanya kazi hiyo ni wachache na wana haraka, na mwenye haraka huchukua neno lililo karibu: mapitio, hiari, mdhamini. Ndugu msomaji, kama u mwalimu wa sheria, karani wa mahakama, mwandishi wa habari au mjumbe wa jopo la istilahi, yajaribu maneno haya katika maandishi yako ya wiki hii. Andika uhakiki wa mahakama, andika mshika amana, andika desturi ya katiba. Neno likikataa kukaa katika sentensi, litupe na utuletee lako, ila usituletee utawala.